Mishono Mitatu Chini ya Ubao

Tarehe 3 Februari

Kwako mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako, maana mmoja wenu akiugua mwingine hana kazi. Magoti vipi? Na Chiriku wangu je, bado anaongea hata akiwa usingizini? Mtoto wa miaka minane maneno yote hayo anayatoa wapi? Mimi sijambo. Breki, dereva wa lori letu, ameniambia mnara wa simu huko juu bado umelala chini tangu upepo ule, basi tuendelee na kalamu. Amesema atazibeba barua zetu kila akipanda, na hatazifungua, kwa sababu kusoma kunamchosha.

Umeniandikia kwamba majirani wakikuuliza kazi yangu unawajibu "anakata plastiki" nao wanacheka. Waambie hivi. Ile mitambo mirefu ya upepo inayotoa umeme, mabawa yake si chuma. Ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zimelazwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Huku tunaita faiba. Bawa likizeeka halina pa kwenda: haliozi, halioti kutu, ukilichoma linatoa moshi wa sumu, ukilizika litakaa mpaka kiama. Basi yanaletwa kwetu tuyape maisha mengine. Sehemu nyepesi zinasagwa zikawa unga, unga unachanganywa na saruji kufyatulia matofali ya njia. Sehemu nene ya katikati, uti wa mgongo wa bawa, ndiyo yangu mimi. Naikata mbao.

Vumbi lake usiseme, mama. Tunajifunga barakoa na nguo mpaka kwenye nyusi, na bado nikirudi chumbani najikuna hadi mwenye nyumba anadhani nina upele.

Sasa nikupe la kucheka. Kipande kimoja cha uti kilikuwa kinatoa mbao nane, halafu kinabaki kisehemu kipana mwishoni ambacho kilikuwa kinatupwa kwenye mashine ya kusaga. Roho iliniuma. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukinisukuma pale mezani, "Geuza kipande wewe, kitambaa hakiokotwi!" Nikageuza. Kisehemu kile nikakikata kwa kukilaza upande, kikanipa mbao tatu zaidi. Kumi na moja badala ya nane! Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Tayari kwa sababu salamu yake ni "tayari?", alinipigia makofi mbele ya watu wote. Nilitamani ungekuwepo.

Na kila ubao ninaoukata nauchora chini, kwa msumari wa moto, mishono mitatu kama ile unayoificha ndani ya ukosi wa kila sare. Mbao zangu za kwanza, arobaini na nne, zimepakwa rangi ya kijivu yenye mchanga zisiteleze, zimekwenda kutandikwa kwenye daraja la waendao kwa miguu mahali fulani. Hatuambiwi wapi.

Mbusu Chiriku.

Mimi mwanao

*

Tarehe 14 Februari

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo yana mambo yao, yakitaka kuinama yanaomba ruhusa kwanza. Chiriku hajambo. Ameng'oka jino na ameongeza maneno.

Sasa kaa kitako. Hapo "mahali fulani" ni hapa kwetu! Breki kashusha mbao za kijivu pale ukingoni mwa korongo, mwanao akapenya chini ya rundo kama panya, nikasikia, "Bibi! Bibi! Mishono yako!" Nikadhani mtoto kapata homa. Nikainama, magoti yakalalamika, nikaona mishono mitatu. Mwanangu, nililia mbele ya wajenzi bila haya. Nikawaambia, "Hizi kakata binti yangu." Mmoja akaniuliza kama binti yangu pia ni fundi cherehani. Nikamwambia nenda kapime kiuno chako.

Unalijua korongo letu. Watoto wanashuka mpaka chini, wanavuka juu ya mawe, wanapanda upande wa pili kwenda shule. Tangu maji yalipomchukua yule binti wa muuza mkaa, mvua ikinyesha mimi silali, nakaa kitandani nahesabu radi. Sasa watapita juu, wakavu, juu ya kazi ya mikono yako. Mungu akupe nini tena?

Ufunguzi ni tarehe ishirini Machi, saa nne asubuhi. Mpaka siku hiyo kuna kamba, wanapita wajenzi tu. Nimepewa tenda ya sare mpya, na kitambaa kimekuja kidogo kama kawaida yao. Nageuza, nageuza, mpaka mkasi unanishangaa.

Jitunze na hilo vumbi. Kunywa maji.

Mama yako

*

Tarehe 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila mguu wa kushoto una plasta. Niliteleza hapa karakana. Usijali.

Mama, naomba kitu kimoja. Usipite kwenye daraja lile kwanza, na Chiriku asipite. Hata likifunguliwa. Semeni lolote, semeni mnaogopa kimo. Nitakueleza baadaye. Tafadhali usiniulize.

Mwanao

*

Tarehe 8 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba, lakini marahaba ya nusu mdomo, maana umenitia hofu.

"Niliteleza." Nani amekupiga? Kama yupo mtu, sema, nitashuka huko na magoti yangu haya haya. Na daraja limefanya nini? Barua yako niliisoma mara tatu, nikaigeuza nyuma kama mnunuzi anayetafuta doa. Nimekulea mimi. Najua barua yenye kitu kilichokunjiwa ndani ya pindo.

Unaniambia tupite chini kwenye mawe? Mvua zimeanza, mwanangu. Juzi maji yalifika magotini kwa watu wazima. Nichague kipi, maji ninayoyajua au daraja usilotaka kuniambia lina nini? Wajenzi wanapita juu yake kutwa na mifuko ya saruji begani, na hakuna ubao uliolia hata nyii.

Tena nikueleze jambo, na sasa hata sijui nilieleze kwa furaha au vipi. Kamati ya daraja imemchagua Chiriku awe wa kwanza kuvuka. Atashika utepe, nyuma yake darasa zima, watoto thelathini na sita, wawili wawili. Mwenyekiti alisema, "Mama yake ndiye aliyekata mbao, basi mtoto atangulie." Amekwishanyooshewa soksi nyeupe. Analala nazo chini ya mto.

Niandikie. Na safari hii andika yote.

Mama yako mwenye wasiwasi

*

Tarehe 13 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi nianze na mguu.

Sikuteleza. Ubao mmoja wa majaribio ya mkato wangu wa kugeuza, usio katika zile arobaini na nne, tuliulaza juu ya mtaro wa karakana watu wapite. Wiki nne watu walipita juu yake, na toroli, na Bwana Tayari mwenyewe na kitambi chake. Ulikuwa kimya. Siku ya ishirini na sita Februari nilikanyaga mimi, nikiwa mikono mitupu, ukapasuka ghafla katikati, nikaingia mtaroni. Mfupa umevunjika chini ya goti.

Nilikaa pale mtaroni nikakitazama kipande kilichovunjika, nikaelewa kabla hata sijahisi maumivu. Mama, nyuzi za uti wa bawa zinakwenda upande mmoja tu, kwa urefu wa bawa. Ukikata ubao kufuata nyuzi, hata ng'ombe apite. Ukiugeuza, nyuzi zinalala kwa mapana, na kinachobaki kukubeba ni gundi peke yake. Gundi inavumilia, inavumilia, inaanza kuchanika ndani kwa ndani usikoona, na siku moja inaachia. Haitoi dalili. Ndiyo maana hao wajenzi wanapita.

Kila kipande cha uti kilinipa mbao nane nzuri na tatu za kugeuza. Daraja lenu lina vipande vinne. Mbao kumi na mbili, mama. Zipo hapo, zimechanganyika na nzima, zote zina rangi moja, zote zina mishono yangu mitatu. Hata mimi nikisimama juu yake siwezi kuzitofautisha kwa macho.

Nilimwambia Bwana Tayari palepale hospitali. Akafunga mlango. Akasema, "Mkono uliokata ni wa nani? Alama ya chini ni ya nani? Ukifungua mdomo tutafungwa wote, na wewe wa kwanza." Akasema mbao zitakaa miaka. Akaniletea machungwa. Nikayala, mama. Nilikuwa naogopa na nikayala machungwa yake.

Ndiyo maana nilikuandikia ile barua ya kijinga. Nilidhani nitawaokoa ninyi wawili bila kujitaja. Sikufikiria wale watoto wengine. Au nilifikiria nikageuza uso. Sasa unaniambia Chiriku ndiye anatangulia.

Sikiliza. Wewe utazijua kwa kidole. Nenda chini ya daraja pale ukingoni, kwangua rangi kwenye ubavu mrefu wa ubao, sehemu ya upana wa ukucha. Ukiona mistari inayokwenda na urefu wa ubao, huo ni mzima. Ukiona vinukta vinukta, kama vichwa vya pini, na vinachoma kidole, huo ni wa kugeuza. Vaa kitu mkononi.

Zuia. Sijui utazuiaje. Ningekuja, lakini plasta imefika pajani, hata gari siwezi kupanda. Breki sikumwambia kilichomo, analipwa na karakana kama mimi. Nimemwambia tu aikabidhi mkononi mwako.

Ukimaliza kusoma, ichome. Nakuomba. Ikionekana, nimekwisha.

Mwanao

*

Tarehe 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua barua hii haitakufikia kwa wakati. Nakuandikia kwa sababu nikikaa kimya nasikia watoto wakitembea.

Lori liliharibika. Breki alikaa siku nne anasubiri kipuri, ameondoka juzi. Kama njia haina tope, atakuwa amefika kwenu leo alfajiri. Kama ina tope, hatafika. Sasa hivi ni saa moja asubuhi, na huku kumenyesha kucha.

Kituo cha polisi kipo mtaa wa pili kutoka hapa. Wao wana redio. Nimekwenda na magongo mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nilifika kwenye ngazi. Mara ya pili nilishika kitasa cha mlango, askari akaniuliza nataka nini, nikasema nimepotea njia. Nimekuwa mtu gani, mama? Mwanangu anavaa soksi nyeupe na mimi nasema nimepotea njia.

Hii namwachia mwenye nyumba. Naenda tena. Nikishika kitasa safari hii, nitaingia.

Mwanao

*

Tarehe 21 Machi

Kwako mwanangu,

Chiriku ni mzima. Nimetangulia kuliandika hilo, salamu zingoje.

Breki alifika jana saa mbili na nusu, lori tope mpaka kioo. Nilisomea palepale kizingitini. Nilipofika mstari wa mwisho, miguu ilikuwa imeshaondoka. Nilikimbia, mimi, na mkasi mkononi, watu wakadhani fundi cherehani ameingiwa na wazimu.

Niliingia chini ya daraja. Ubao wa kwanza, mistari. Wa pili, mistari. Nikaanza kukulaumu kwamba umenitia hofu bure. Wa tatu nilipokwangua, kidole kilichomwa kabla jicho halijaona. Vinukta. Nilichora msalaba kwa chaki yangu ya kushonea, nikaendelea. Mpaka mkono wangu ulipoishia nilipata tano, na nyingine zilikuwa juu ya shimo nisipoweza kufika.

Nikapanda juu. Watoto wameshapangwa, ngoma za shule zinapigwa, Chiriku yuko mbele ameshika utepe, ananipungia mkono. Nikamwambia mwenyekiti asimamishe. Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mama, wageni wamefika, hayo ya chaki tutayazungumza kesho." Nikamwambia, kama ni imara pita wewe mara hamsini na watoto wangoje. Watu wakacheka, yeye akakasirika, akamwita mlinzi anitoe. Mlinzi akanishika mkono.

Kiberiti kilikuwa mfukoni, mwanangu. Nilikuwa nimekichukua nyumbani ili nifanye ulivyoniomba. Kiberiti mfuko huu, barua mfuko huu. Nilijua nikiitoa ile barua nakutoa wewe. Nilimtazama Chiriku na zile soksi. Nikaitoa.

Mwenyekiti aliisoma kimoyomoyo, halafu akaisoma kwa sauti, sijui kwa nini, nadhani sauti ilimtoka tu. Ngoma zikanyamaza. Wakafungua nati za ubao mmoja wenye msalaba, wakaulaza juu ya mawe mawili, fundi mwashi mmoja akaruka juu yake. Kimya. Akaruka tena. Kimya. Mwenyekiti akaanza kunitazama kama mwongo. Mara ya tatu ukapasuka vipande viwili, na yule mwashi akaanguka chini. Mama mmoja akamvuta mwanawe kutoka kwenye mstari, kisha wote wakavuta.

Barua yako wanayo. Wamesema inapelekwa polisi leo.

Sasa unisikie. Nilikufundisha kugeuza kipande. Ukosi unageuza, mfuko unageuza. Lakini mkanda wa kiuno hugeuzi, kwa sababu ndio unaobeba mvuto wote, lazima ufuate uzi. Hilo sikukwambia kamwe. Ulikuwa na miaka tisa, nilidhani kuna siku nyingi. Nusu ya kosa hili imekatwa na mkasi wangu, na nimewaambia hivyo mbele ya watu.

Nimekutoa, mwanangu. Nisamehe au usinisamehe. Chiriku amelala hapa kitandani kwangu, ananikoromea sikioni.

Mama yako

*

Tarehe 2 Mei

Kwako mwanangu,

Hii ni barua ya nne tangu ile, tatu nilizituma kwa wapita njia maana Breki hakupanda, na hujajibu hata moja. Hujambo? Mguu umeunga? Nimekuwa nikiuliza hivyo kila barua, kisha nakaa nikijijibu mwenyewe. Nilisema amekufa. Nilisema amefungwa. Usiku mwingine nilisema ananichukia, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Jana Breki amekuja. Nilimwona anashuka garini mikono mitupu, nikakaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Mama, inuka, mzigo uko nyuma."

Amenieleza yote. Kwamba asubuhi ile ya tarehe ishirini uliingia kituoni mwenyewe na magongo yako, ukasema kila kitu, saa mbili na dakika chache. Mimi wakati huo hata barua yako sijaishika. Askari walipokuwa wanahangaika na redio isiyopokelewa huku, wewe ulikuwa umeshaketi kwenye benchi lao. Kwamba mwezi mzima nimekula uchungu wa kukutoa, kumbe ulikuwa umeshajitoa. Amenipa na barua uliyomwachia mwenye nyumba. Nimeisoma. Uliingia, mwanangu. Hilo ndilo ninalolishika.

Amesema Bwana Tayari yuko ndani. Wewe uko nje kwa dhamana, kesi ni Juni, na umekatazwa kutuma karatasi yoyote huku mpaka iamuliwe, kwa sababu mimi ni shahidi. Juni naiogopa. Sitakudanganya, naiogopa kuliko korongo.

Tukafungua mzigo. Mbao kumi na mbili. Breki anasema ulizikata ukiwa umekaa kwenye stuli, mguu umeunyoosha juu ya debe, mkaguzi amesimama nyuma yako. Nane tu kwa kila kipande, na kilichobaki kimekwenda kusagwa.

Sasa usikasirike. Nilizikwangua zote, mmoja mmoja, ubavu kwa ubavu, mbele ya mwenyekiti. Mimi ni mama yako lakini ni fundi pia. Mistari. Mistari. Mistari, mpaka wa mwisho.

Chiriku ndiye aliyeona. Aliupindua ule wa kumi na mbili kutafuta mishono, na mishono ilikuwepo, na chini yake kwa chaki kulikuwa na maneno. Akayasoma kwa sauti kubwa kama kawaida yake: "Shikamoo mama. Nimefuata uzi. Piteni." Mwenyekiti alitazama pembeni. Akasema yeye haoni karatasi yoyote hapo.

Wameufunga ubao ule katikati kabisa, maandishi yako yanatazama maji. Leo asubuhi nilimshika Chiriku mkono. Nikamwambia asiongee, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongea. Nilifumba macho nikawa nahesabu mbao kwa nyayo. Nilipofika katikati nilisimama.

Marahaba, mwanangu. Tumepita.

Mama yako